Gauni la Kiume

Kama hujawahi kuona mtu mwenye akili zake timamu akimtia baba yake mzazi matatani kwa kipande cha plastiki chenye upana wa vidole viwili, basi kaa nikueleze habari ya Kitinda.

Alikuwa kitindamimba wa fundi cherehani, na jina likamganda hapo hapo. Miaka thelathini na minne, kazi yake kuchapa barua kwenye ofisi ya mawakili, lakini nyumbani wote walimwita Kitinda kana kwamba meno ya utoto hayajamtoka. Aliishi na wazazi wake. Kaka yake mkubwa aliishi mbali, mwendo wa saa nne kwa gari, na alikuwa mtu wa mipango. Hata salamu zake za simu zilikuwa na ajenda.

Kitinda alikuwa na ugonjwa wake mmoja, nao ni kupiga picha kwa kamera ya mkanda. Simu anayo, tena nzuri tu, lakini wapi! Yeye alitaka mikanda, dawa za kusafishia, na ile roho juu ya kusubiri wiki nzima ujue kama umepata picha au umepata kiza. Juzi juzi alikuwa amenunua lenzi kuukuu iliyomzidi umri, kutoka kwa mzee mmoja mpiga picha aliyekuwa anafunga studio yake. Lenzi ile ilikuwa na tabia zake. Uso wa mtu iliutoa wazi, na kila kilichokuwa nyuma yake ikakikoroga, kama vile mtu amepitisha mwiko ukutani. Kitinda aliipenda hiyo lenzi hadi mama yake akamwambia aolewe nayo.

Mama mwenyewe sasa. Mama alikuwa hapigwi picha. Akiona kamera anakumbuka ana kitu jikoni. Picha yake ilikuwa moja tu, ya kitambulisho, ndogo kama kucha, nayo anaonekana kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Uso wake aliujua kwenye kioo cha nyuma ya mlango wa chumbani, alikojifunga kilemba kila asubuhi, na kwake hicho kilitosha.

Ilichukua miezi mitatu ya kubembelezwa mpaka akakubali. Jumapili moja asubuhi akakaa karibu na dirisha la jikoni, amevaa gauni lake la buluu lenye vifungo kuanzia shingoni hadi kiunoni, alilomshonea Baba mwenyewe.

"Usinichekeshe," akasema.

"Sijasema neno, Mama."

"Na usinisogelee na hilo bomba lako."

Baba alikuwa chumba cha mbele kwenye cherehani yake. Akapaza sauti, "Mama Watoto! Akimaliza kukupiga picha mwambie akupunguze na midomo!" Mama akajizuia, akashindwa, mdomo ukapanda upande mmoja vile unavyopandaga akiwa hataki kucheka. Hapo hapo Kitinda akabonyeza.

Mkanda akausafishia bafuni, akauanika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Ulipokauka akaukata vipande, akajifungia chumbani kwake mchana kweupe, blanketi dirishani ili mwanga usiingie. Namna yake ya kuskani ilikuwa hivi: kibao chenye taa mezani, juu yake kishikio kinachobana kingo za negativu, yaani kile kipande cha mkanda, isijikunje, na juu kabisa kamera ya kisasa ikitazama chini kutoka kwenye stendi. Unaipiga negativu picha, kisha kompyuta inageuza weusi kuwa weupe. Shida ilikuwa moja. Negativu ina upande unaong'aa na upande uliofifia, na ule unaong'aa ulikuwa unaakisi kijitaa cha kamera. Kidoa kikatua katikati ya paji la uso wa Mama. Kitinda akavuta, akasogeza, akafunika na soksi, kidoa kiko pale pale. Mwisho akaipindua negativu, upande uliofifia ukatazama juu. Kidoa kikatoweka. Akajipongeza peke yake mle gizani.

Picha ikatoka, jamani! Kila mkunjo wa uso ulionekana, na ukuta wa nyuma umekorogeka vizuri. Akaipeleka ikachapwa kubwa, ikatiwa fremu, na Jumapili iliyofuata akaja nayo nyumbani ameikumbatia.

Mama aliitazama muda mrefu. Kitinda akakaa mkao wa kutetea lenzi yake.

"Haya," Mama akasema. "Huyu ni mimi. Huyu ni mimi kabisa!"

Tena akaita, "Baba Watoto, njoo uone mkeo!"

Baba akaja na futi ya kupimia shingoni. Akaivaa miwani. Akaivua, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Nani huyu?"

Wote wawili wakacheka, maana Baba na utani walikuwa pete na kidole. Baba hakucheka.

"Anafanana naye," akasema. "Labda ndugu yake. Lakini siye."

"Siye nani?" Kitinda akauliza.

"Siye Mama Watoto. Halafu nani amemvalisha gauni la kiume?"

Kicheko kikawafia mdomoni. Gauni la kiume! Mama alitazama lile gauni lenye marinda kiunoni, akamtazama mumewe, akaenda zake jikoni, na safari hii hakuwa na kitu jikoni.

Sasa lazima ujue kwamba mzee yule alikuwa ameanza kusahau. Miwani yake ilikutwa ndani ya friji, imelala kando ya maziwa. Wiki mbili nyuma alimkatia mteja shati lenye mikono miwili ya kushoto, yeye, fundi wa miaka hamsini, na mteja akaondoka kimya kwa aibu aliyomwonea mzee. Kwa hiyo aliposema hamjui mkewe, hakuna aliyekuwa na nguvu za kubisha. Waliogopa tu.

Kitinda aliitundika picha sebuleni, na kila alipopita aliitupia jicho. Hapo ndipo alipoanza kuchanganyikiwa yeye mwenyewe. Kuna kitu hakikukaa sawa. Macho ni ya Mama, pua ni ya Mama, tabasamu ni lile lile la kubania, lakini ukijumlisha unapata mtu mwingine. Ni kama kuingia chumbani kwako ukute kitanda kimehamishwa, halafu kila mtu anakuapia kwamba kitanda kimekuwa hapo siku zote. Akajiambia ni maneno ya Baba yanamwingia kichwani. Kisha akaishuku lenzi. Lenzi inayokoroga ukuta itashindwaje kukoroga uso? Akampigia simu mzee aliyemwuzia.

"Samahani, Mzee. Hii lenzi huwa inabadilisha sura za watu?"

"Binti yangu," mzee akajibu, "lenzi hiyo imepiga maharusi, imepiga na marehemu. Hajarudi hata mmoja kulalamika."

Jioni ile, kichwa kikimzunguka, Kitinda akafanya kosa la pili. Akampigia Kaka. Alitaka tu mtu wa kumsikiliza, lakini Kaka hasikilizi, Kaka anapanga.

"Hamtambui Mama?"

"Kwenye picha, Kaka. Ana kwa ana anamtambua vizuri."

"Kitinda, leo kwenye picha, kesho mlangoni. Baba aje kwangu. Chumba cha chini kiko tupu na kuna daktari mtaa wa pili. Ile cherehani iuzwe kabla hajajishona kidole. Mama abaki na wewe kwanza, hapa kwangu hapawatoshi wote wawili."

"Utawatenganisha? Baada ya miaka hamsini na moja?"

"Kwa muda tu. Jumamosi nakuja. Nitamwuliza mwenyewe, mbele yenu wote. Akimtambua, nitanyamaza."

Kitinda akakata simu, akakaa ameshika tama. Angeweza kuumeza ulimi wake mzima mzima. Yeye ndiye aliyepiga picha, yeye ndiye aliyetundika, na yeye huyo huyo kapiga simu.

Basi wiki ile akageuka mwalimu. Kila akirudi kazini anamkalisha Baba mbele ya picha.

"Baba, Kaka akikuuliza huyu nani, utasema nani?"

"Nitasema simjui."

"Sema ni Mama."

"Unataka nimdanganye mwanangu?"

"Baba, ni Mama! Nilimpiga mimi, jikoni pale, wewe mwenyewe ukapiga kelele habari za midomo!"

"Nakumbuka nilivyopiga kelele," Baba akasema, na sasa hata yeye akaonekana ana wasiwasi. Akaisogelea picha mpaka pua ikagusa kioo. "Nakumbuka vizuri. Lakini huyu, Kitinda... Nikimtazama huyu naona haya, kama nimefungua mlango wa nyumba ya watu. Miaka hamsini na moja nalala na mwanamke mmoja, leo mnanitafutia mwingine?"

Alhamisi Kitinda alisikia wazee wake wakizungumza jikoni, akasimama ukumbini, na kwa kweli hakujivunia kusikiliza.

"Mimi nani?" Mama alikuwa akiuliza.

"Wewe Mama Watoto. Mbona unanihoji kama polisi?"

"Na yule wa sebuleni?"

"Yule simjui."

Bomba likafunguliwa, likafungwa. Halafu Mama akasema, kwa sauti ambayo Kitinda hakuwahi kuisikia kwake, "Ile ndiyo sura yangu, mume wangu. Naiona kila siku kwenye kioo. Kama ile huijui, sasa huwa unamwona nani?"

Baba naye alikuwa anajiogopa sasa. Alianza kushika vitu mara mbili mbili, kuhesabu vidole vyake kabla ya kukanyaga cherehani. Ijumaa hakushona kabisa. Alikaa na kitambaa cha mtu mapajani, anakipindua huku na huku.

Jumamosi Kaka akaingia saa nne asubuhi, amenyoa, ana bahasha kwapani. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Alimkumbatia Baba kwa muda mrefu, akamwuliza habari za magoti. Alimletea hata kofia. Lakini chai ilipomalizika na vikombe vikaondolewa, akakohoa kile kikohozi chake cha mkutano, akaenda akaitungua picha ukutani, akaiweka mapajani kwa Baba.

"Baba. Bila haraka. Huyu nani?"

Kitinda alimtolea Baba macho, midomo ikimsaidia bila sauti: Ma-ma. Ma-ma. Baba alimwona. Unajua alimwona. Akatazama chini, kwenye picha, na ungeweza kuona jinsi mzee yule alivyokuwa anataka kuwaridhisha wanawe.

"Mwanangu," akasema, "mimi kusahau nasahau. Sikatai. Lakini huyu sikumsahau. Huyu sijawahi kumwona."

Kaka akashusha pumzi. Akaifungua bahasha, akatoa karatasi yenye mpango wa kumhamisha Baba.

Hapo ndipo Mama alipotoka chumbani. Alikuwa amechelewa kwa sababu amebadilisha nguo. Amevaa lile gauni la buluu, vifungo vyote vimefungwa, na kilemba kile kile cha siku ile. Alikuwa amewaza akiwa kitandani kwamba huenda mumewe akiliona gauni, kumbukumbu itarudi. Akasimama mbele yake, mikono imetulia tumboni, kama msichana anayesubiri kupimwa.

"Nitazame," akamwambia. "Ni gauni hilo hilo."

Baba akainua kichwa, na uso wake wote ukafunguka.

"Siyo hilo hilo!" akasema. "Si ndicho ninachosema tangu Jumapili, mnanitazama kama zuzu? Hilo lako nimeshona mimi!" Akainuka, magoti yakalia, akachomoa chaki nyuma ya sikio na kugusa kifungo cha juu. "Gauni la mwanamke, vifungo vinakaa kushoto kwake, matundu kulia. Shati la mwanamume, kinyume chake. Mwanafunzi wa cherehani wa wiki moja anajua. Haya, njooni mtazame la huyu bibi wenu." Akaigonga picha kwa chaki. "Vifungo viko wapi? Kulia! Nilishasema ni gauni la kiume. Mimi, nimshonee mke wangu gauni la kiume?"

Kaka akamtazama Kitinda kwa huzuni, kama kumwambia unaona mwenyewe. Lakini Kitinda hakuwa anamwona Kaka. Alikuwa anatazama vifungo. Akatazama kifua cha Mama. Akatazama picha. Kifua. Picha.

"Mungu wangu," akasema, akatoka mbio.

Walimsikia chumbani akiangusha vitu. Alirudi na kompyuta kwapani na kipande cha negativu kimening'inia vidoleni, akaenda nacho dirishani, akakitazama mwangani, akakipindua, akakitazama tena. Akakaa juu ya mkono wa kiti.

"Baba," akasema, "kitambaa kina upande wa juu na upande wa ndani, siyo?"

"Kina."

"Na hii pia. Kuna wa kung'aa na wa kufifia. Ukiitazama kwa ule wa kufifia, kila kitu kinahama. Kushoto kunakuwa kulia. Nami niliipindua nikikikimbia kidoa." Akakishusha kile kipande. "Nimemgeuza Mama, Baba. Nimemgeuza mimi."

Baba alifikiri kidogo. "Yaani uliishona picha ndani nje."

"Ndani nje."

"Mpaka ukatia fremu."

"Mpaka nikatia fremu."

Akafungua kompyuta juu ya meza, akaitoa ile picha, akabonyeza mara moja tu. Mara moja! Wiki nzima ya machozi, mzee wa watu nusura afungashwe kama furushi, na dawa yake ilikuwa kubonyeza mara moja. Uso ukajipindua. Vifungo vikaenda vilikoshonwa. Na Kitinda akahisi kile kitanda kilichohamishwa kikirudi mahali pake.

Baba hakuhitaji hata kuvaa miwani.

"Haya," akasema taratibu. "Huyu ndiye." Akakigusa kioo cha kompyuta kwa kidole chenye chaki, pale mdomo unapopandia. "Mama Watoto, ulikuwa wapi wewe?"

Wote wakageuka kumtazama Mama, wakitegemea afurahi. Mama alikuwa amekunja uso.

"Toka hapa," akasema. "Huyu siyo mimi."

"Mama!"

"Siyo mimi! Mdomo umepinda. Jicho moja limesinzia. Rudisheni ile yangu."

"Mama, ile yako ni ya kwenye kioo," Kitinda akamweleza. "Kioo kinageuza. Wewe hujawahi kujiona vile tunavyokuona sisi. Hii ndiyo sura yako kwa watu."

Mama akaisogelea kompyuta. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule, akajishika shavu, akakosea, akashika la pili.

"Kwa hiyo mdomo wangu umepinda hivi?"

"Miaka hamsini na moja," Baba akasema.

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwangu hivyo ndivyo ulivyonyooka."

Mama akampiga Baba begani kwa pindo la kilemba. Kisha akajifuta macho na pindo lile lile.

Kitinda naye alikuwa analia, tena kwa hasira za kujichukia. Maana alikuwa amepiga hesabu yake kimya kimya na haikumpendeza. Miaka thelathini na minne anakula mkononi kwa mwanamke huyu. Aliona kabisa kwamba kuna kitu hakiko sawa, akakinyamazisha, akalaumu lenzi, akaapa kwamba ni Mama. Kaka naye aliishika picha ile mikononi na hakushtuka. Nyumba nzima, aliyemjua Mama alikuwa mtu mmoja, naye ndiye waliyetaka kumhamisha.

"Nisamehe, Baba," akasema.

"Kwa lipi? Na mimi si nilikata mikono miwili ya kushoto." Baba akaketi, amechoka. "Ile nilikosea kweli. Na miwani kwenye friji, sijui hata ilifikaje. Msije mkasema nimewaficha."

Kaka alikuwa anairudisha karatasi yake kwenye bahasha, polepole, kisha akaipindapinda bahasha mpaka ikatoshea mfukoni.

Cherehani ilikuwa kimya chumba cha mbele. Baba akatazama meza, akawatazama mmoja mmoja, akauliza, "Hivi, mimi nimekunywa chai?"

Kikombe chake kilikuwa pale pale kwenye sinia, tupu, masalia ya majani chini. Kaka alikiona, Kitinda alikiona. Kaka akafungua mdomo.

"Bado," Mama akasema, akamtupia Kaka jicho moja tu, naye Kaka akafunga mdomo wake. "Bado, Baba Watoto. Ndiyo kwanza nataka kukumiminia."

Akaenda jikoni kuteleka birika.